Basi la Jaribu

Huku kwetu mtu akitoa neno wakati si wake, wenzake humwambia, "Hilo basi la Jaribu." Husemwa harusini, husemwa kisimani, na wengi wanaolisema hawamjui huyo Jaribu wala hawajauona mlima alipoumia. Mimi namjua. Naandika habari zake kwa sababu neno lenyewe hakulisema yeye.

Jaribu bin Kificho ni mtu wa Makoongwe, kile kisiwa kidogo kinachoelekea Mkoani, ambacho watu wake ni wavuvi. Makoongwe hakuna gari. Mwenyewe aliniambia kuwa mpaka anaota ndevu alikuwa hajapanda kitu chenye magurudumu. Msimu mmoja alivuka kuja kuchuma karafuu, akawekwa kupakia magunia kwenye gari ya shamba, na msimu ulipokwisha gari ikaondoka naye. Akawa utingo, yule anayekaa nyuma ya gari, anayepandisha mizigo na kushusha watu, na gari ikikwama huwa wa kwanza kuchupa chini. Wenzake waliianza kazi hiyo wakiwa vijana, na baada ya miaka miwili mitatu wakawa madereva. Jaribu aliizeekea. Nilipomjua mimi alikwishapindukia arubaini, ana mke na nyumba kule Tibirinzi, Chake, na bado alikuwa akining'inia nyuma ya gari, shuka ameikunja magotini. Abiria walimtania kwa jina lake.

"Jaribu, hebu jaribu usukani siku moja!"

"Usukani una mwenyewe. Matako ya gari ndiyo hayana mtu."

Wanawake tulificha nyuso kwa kanga tukacheka.

Gari yenyewe ilikuwa na bodi la mbao, mabenchi marefu mawili na turubali juu. Dereva alikuwa Nassor, mtu wa Wete, mwepesi wa ulimi na mwepesi zaidi wa hasira. Yeye na Jaribu walifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Walikuwa wakigombana tangu asubuhi mpaka jioni, na saa ya kula wakala sahani moja.

Kijiji chetu kiko bondeni, nyuma ya Kiuyu, na njia yetu ni ya udongo mpaka ikutane na barabara ya lami. Ni maili nne tu. Katika hizo maili nne kuna mlima tunaouita Mlima wa Toba, kwa kuwa hakuna aliyepanda na gari pale asiseme astaghfirullah. Mtu aliyeona milima ya bara atasema hiki ni kilima. Lakini udongo wake ni mwekundu, ule wa kufinyangia vyungu, na mvua ikiupata huwa kama sabuni. Upande wa kulia kuna ukingo, wa kushoto kuna korongo lenye migomba chini. Wakati wa masika njia za magurudumu hugeuka vijito. Wakati wa kipupwe, hata mvua isiponyesha, umande wa asubuhi hutosha kulainisha ngozi ya juu ya udongo, na gari huteleza mahali ambapo macho yanaona pakavu. Na siku nyingine ukungu hukaa pale bondeni mpaka saa tatu, dereva asijue korongo limeanzia wapi. Tumezika watu wawili wa mlima ule. Gari moja ya magunia iko chini mpaka leo, imeota migomba kati ya mbao zake.

Jaribu aliusoma mlima kwa kisigino. Kabla ya gari kupanda alivua makubazi, akaenda hatua thelathini peke yake, akakandamiza kisigino na kukizungusha. Kikiacha shimo lenye kingo, udongo bado una nguvu, gari itapita. Shimo likijifunika lenyewe, alirudi akakaa, na hapo hapakuwa na wa kumbembeleza. Niliwahi kumwona bwana mmoja wa serikali, amevaa kofia na soksi ndefu, akimwambia ana haraka. Jaribu alimwitikia kwa adabu zote na hakuinuka.

Siku gari inapopanda, abiria wote hushuka wakatembea. Wanaume hutandaza makumbi ya nazi kwenye njia za magurudumu. Jaribu hufuata nyuma ya gari na gogo la mfenesi mikononi. Gari ilikuwa ikipanda hatua sita saba, ikachoka, naye akalisukuma gogo nyuma ya gurudumu ili gari ilale juu yake na kupumzika. Kisha ikapanda tena. Dereva haoni nyuma, maana kioo chake kimejaa tope. Alikuwa akiendeshwa na maneno mawili tu. "Haya," maana yake kanyaga. "Basi," maana yake gogo limekaa, achia.

Kwa hiyo ilikuwa desturi kwamba katika Mlima wa Toba hakuna aliyesema. Watu walipanda pembeni kimya, viatu mkononi. Aliyetaka kukohoa alikohoa kangani. Hata siku zile za siasa, watu walipokuwa wakichaguana mpaka magari ya kupanda, pale mlimani wote walinyamaza sawasawa. Mwenye ugomvi aliuacha chini, akauokota juu.

Sasa nitasema habari ya mwaka wa sitini.

Masika ya mwaka ule yalianza mapema na hayakupumua. Mwanangu Mwanabaraka alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa Unguja akifanya kazi, na baba yake alikwishafariki, kwa hiyo alikuja kujifungulia kwangu kama ilivyo kawaida. Uchungu ulimshika Jumanne asubuhi. Mkunga wetu, Bi Mwatum, ambaye amezalisha nusu ya kijiji, alikaa naye mchana kutwa. Jumatano alfajiri alitoka ukumbini akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Siti," aliniambia, "huyu ni wa hospitali. Mtoto kakaa vibaya."

Wanaume walikuja na kitanda wambebe mpaka kwenye lami. Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa kisimani, kabla hata ya kuukaribia mlima, mbebaji wa mbele aliteleza, kitanda kikapiga chini kwa upande, na Mwanabaraka alitoa sauti ambayo Bi Mwatum alipoisikia akaamuru arudishwe.

Gari ya Nassor ilikuwepo kijijini. Ilikuwa imekwama kwetu siku ya tatu, kwa sababu mlima ulikataa. Nilikwenda nikawakuta yeye na Jaribu kwenye baraza ya duka wanacheza bao.

"Bi Siti, mlima unajifunika," Jaribu aliniambia kabla sijasema. "N'meutazama alfajiri."

"Utazame tena."

"Utakuwa vilevile."

"Mwanabaraka ana siku ya pili."

Hakuuliza siku ya pili ya nini. Aliziacha kete zake, akaenda kwa miguu. Nilikaa pale barazani. Nassor alinipa kahawa nikaishika mpaka ikapoa. Jaribu aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini.

"Vipi?" Nassor aliuliza.

"Haufai."

"Kwa hiyo hatwendi."

"Twende."

"Yakhe, si umesema haufai?"

"Haufai. Twende."

Nassor alimtazama, akatukana kidogo, akaenda kuwasha gari.

Wanaume kama kumi na wawili walikuja na magunia ya makumbi. Mmoja wao alikuwa Jecha, muuza ndizi, jirani yangu, na mengi ya nyuma ya gari ambayo sikuyaona mwenyewe nimeyapata kwake. Mwanabaraka tulimlaza juu ya magunia matupu, kichwa chake mapajani mwangu, na mimi nimeegemea ubao wa mbele. Nyuma ya mgongo wangu palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, ambacho dereva alikuwa akipitishiwa maji ya kunywa. Bi Mwatum alikaa miguuni.

Chini ya mlima Jaribu aliingiza kichwa nyuma ya gari.

"Kina mama, humo ndani kimya. Yeye na alie, kilio si neno. Ila nyie msinene."

"Hata dua?" Bi Mwatum aliuliza.

"Dua isome moyoni."

"Lo! Leo utingo ananifunza dua!"

"Leo tu, Bi Mwatum. Kesho nifunze weye."

Hayo ndiyo aliyoniambia. Niliyasikia yote na niliyaelewa. Sina la kusema kwamba sikuambiwa.

Gari ilianza kupanda. Haya. Injini ikalia, mbao zikatetemeka, nikahisi magurudumu yanatafuta. Basi. Tukalala nyuma juu ya gogo. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kukera tu, na harufu ya moshi ikaingia ndani. Haya. Basi. Nilikuwa nikihesabu mapumziko, maana mlima ule naujua kwa miguu, najua una mapumziko kumi na manne siku mbaya. Tulikuwa tumekwishafika la tisa. Kupitia nafasi ya mbao niliona korongo, na vichwa vya migomba vikitikiswa na mvua, chini yetu.

Haya, ya kumi. Gari ikaenda hatua mbili, tatu. Uchungu ukamrudia Mwanabaraka. Aliuma kanga yangu, kisha akaiachia, akanitazama kwa macho ambayo nilikuwa sijayaona tangu akiwa mchanga.

"Mama, nakufa."

Nikamwambia, "Basi, mwanangu. Basi."

Sikupiga kelele. Nilisema vile mtu anavyomwambia mtoto aliyeanguka, kama nilivyomwambia mara elfu. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeegemea kidirisha.

Gari ikaachia.

Haikurudi sana. Jecha anasema ni dhiraa moja na nusu. Mimi nilihisi tunashuka kinyumenyume, na sehemu ya nyuma ikaelekea upande wa korongo. Kisha tukagonga kitu, tukasimama. Bi Mwatum alikuwa amemlalia Mwanabaraka miguu kwa mwili wake wote. Halafu sauti ya Jaribu ikaja kutoka chini, nyuma kabisa.

"Haya! Nassor, haya! Haya!"

Nassor akakanyaga. Gari ilinyanyuka, ikapanda bila pumziko lolote, ikiukwaruza ukingo kwa ubavu, mpaka tukaona mwanga wa juu na gari ikakaa sawa.

Jecha aliniambia baadaye. Jaribu alikuwa bado na gogo mikononi, anatafuta pa kuliweka, mguu mmoja ndani ya njia ya gurudumu. Gari ilipomjia alilitupa gogo likakaa upande. Gurudumu lilipanda juu ya gogo nusu na juu ya mguu wake nusu, na hapo ndipo liliposimama. Alikuwa chini ya gurudumu alipokuwa akiita haya.

Nassor alishuka mbio. Nilijiinua nikatazama kupitia nyuma ya gari. Niliona migongo ya wanaume wamechuchumaa mahali pamoja, na makumbi yametawanyika. Sauti ya Nassor ilifika juu kote.

"Unasema basi na gogo liko mkononi! Miaka kumi na mmoja! Mwehu weye! Ungetuua na wagonjwa wa watu!"

Nilingoja Jaribu aseme kwamba si yeye. Nilijua atasema. Sikusikia kitu, kwa sababu alisema polepole. Ni Jecha aliyesikia.

"N'meghafilika, Nassor. Twende."

Walimpandisha kwa turubali, wakamlaza ndani ya gari upande wa miguu yetu. Mguu wake sikutaka kuutazama, nikautazama. Bi Mwatum alivua kanga yake ya juu akaufunga, akaikaza kwa kijiti. Jaribu alimwona Mwanabaraka alivyo, akageuza uso kwenye ubao, kama inavyompasa mwanamume mbele ya mwanamke aliye katika hali ile, na hakuugeuza tena mpaka Chake. Mguu ulikuwa unatoka damu na yeye amekazia macho mbao, pua yake imezigusa. Mimi nilikuwa karibu naye, ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa bega. Nilikuwa na neno moja la kusema. Barabara ya lami ilikuwa laini, gari ilikwenda vizuri, na sikulisema.

Mtoto alizaliwa alasiri ile, mwanamume, amekufa. Mwanabaraka alipona. Mguu wa Jaribu ulikatwa siku ya pili yake, chini ya goti. Siku tuliporudi kijijini Bi Mwatum aliniambia kwamba mtoto alikwishanyamaza tumboni tangu kabla ya mlima, kwamba aligundua kwa mkono wake na hakutaka kuniambia. Labda ni kweli. Labda alisema vile kwa kuwa aliniona nilivyo. Sijamuuliza mara ya pili.

Baada ya hapo nilipika, nilifua, nilikwenda kisimani. Watu walinipa pole nikapokea. Mkono wangu ukiungua nilikuwa nikiuona wekundu kwanza, kisha ndiyo nikajua nimeungua. Nilikuwa namtazama Mwanabaraka tu. Akichelewa kisimani, nasimama mlangoni. Akilala mchana, namwekea kiganja karibu na pua. Yeye hakulia wala hakucheka. Alikuwa akitazama mvua.

Neno lilianza kwa Nassor. Alipata utingo mwingine, na kila alipofika Mlima wa Toba alimwambia, "Usinipe basi la Jaribu hapa." Abiria wakalichukua. Likashuka na mizigo ya ndizi katika kila kijiji. Ndani ya miezi miwili watoto walikuwa wanalitumia kwenye mchezo. Nilisikia pia kwamba Nassor hajakanyaga kwa Jaribu hata mara moja, wala hospitalini wala nyumbani. Alisema mtu aliyemwamini kwa masikio yake miaka kumi na mmoja amempa neno la uongo, na hana la kumwambia.

Kila niliposikia hayo nilijua kazi yangu ni nini. Nikaendelea kumenya muhogo.

Mwezi wa Disemba tulikuwa uani tunachambua karafuu, mimi, Mwanabaraka na majirani. Mmoja wetu alikuwa akimsema mkwe wake, kwamba ni mchoyo na macho yake hayatulii, na mkwe mwenyewe akaingia na kikapu. Msemaji akazidi kujikoroga, "Ah, karibu, tulikuwa twakutaja kwa wema." Mwanabaraka akasema, "Hilo sasa ndilo basi la Jaribu!" na akacheka.

Alicheka mpaka karafuu zikamwagika mapajani. Tangu masika nilikuwa sijausikia ule mcheko. Nilifurahi kabla sijasikia alichokisema. Halafu nikakisikia.

Asubuhi yake, tukiwa wawili jikoni, nilimwambia. Nilimwambia kwa maneno machache, jinsi lile neno lilivyotoka kinywani mwangu na lilikoingia. Aliendelea kupuliza moto. Nilidhani hakunisikia, nikaanza tena.

"Nimesikia, mama," alisema. Kisha akauliza, "Na Jaribu anajua?"

"Sijui."

"Nenda. Gari haitakungoja."

Hakuniangalia usoni, lakini alinifungia kikapu: muhogo, mkungu mdogo wa ndizi, na chupa ya samli aliyokuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe.

Nassor alinichukua bila kujua nakwenda wapi. Mlimani tulishuka, tukapanda kimya. Tulipofika Chake nilitembea mpaka Tibirinzi. Mke wa Jaribu, anaitwa Mgeni, alinifungulia.

"Karibu, Bi Siti. Yupo. Atakwenda wapi?"

Jaribu alikuwa amekaa mkekani anasokota kamba ya makumbi, mguu mzima ameukunja na ule mwingine, kilichobaki, umefunikwa na shuka. Aliniuliza habari za mji, za mvua, za Bi Mwatum. Aliniuliza habari za Mwanabaraka, nikasema hajambo. Mgeni aliingia ndani ya pazia kutayarisha kitu.

"Jaribu," nilisema, "lile neno nililisema mimi."

Kamba haikusimama mikononi mwake.

"Najua."

"Ulinisikia?"

"Gari ile ikinguruma, ningesikia nini? Lakini mdomo wangu naujua, Bi Siti. Mie sikusema. Na Nassor haachii bila neno. Nje watu walikuwa mbali. Ndani mlikuwa watatu, mmoja analia na mmoja ana miguu mikononi."

"Kwa nini ulisema umeghafilika?"

"Ningesema si mie, wangesimama pale juu kuulizana ni nani. Unamjua Nassor. Ingepita saa nzima. Na mwanao yuko vile."

Mgeni alisema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja, "Na baadaye je? Miezi minane hii! Baadaye hana mdomo?"

"Baadaye mtoto kafa," Jaribu alimjibu. "Nende nikamwambie nini mama wa watu?"

"Mie sitaki ya mama wa watu! Mie nataka yule mwenzio ajue. Gari ikipita huko barabarani mtu huyu huinua kichwa kama kuku. Kila siku. Kisha ananiambia alikuwa anatazama mvua."

"Mgeni, mgeni ana kiu."

"Nakuja! Usinifukuze kwa jina langu."

Nilikaa kidogo. Sikulia, wala yeye hakuniambia nisilie. Niliacha kikapu, nikarudi kwenye kituo.

Gari ilikuwa imejaa nusu, watu wanapanga magunia ya unga na madumu ya mafuta ya taa. Kulikuwa na watu wa kijijini kwetu, wa Kiuyu, na wengine nisiowajua. Nassor alikuwa amesimama karibu na mlango wake anakula chungwa. Ningeweza kumwita pembeni. Lakini neno lililosambazwa mbele za watu halirudi kwa kunong'ona pembeni, na nilijua nikimwita pembeni sitasema.

"Nassor," nilisema, "siku ile ya Mlima wa Toba, aliyesema basi ni mimi."

"Siku ipi?"

"Siku ya Jaribu. Mwanangu alikuwa na uchungu nikambembeleza. Kichwa changu kilikuwa dirishani kwako. Uliisikia sauti yangu."

Watu waliacha mizigo. Jecha, aliyekuwa juu ya gari anafunga mkungu, aliinuka.

"Jaribu mwenyewe aliniambia ni yeye," Nassor alisema.

"Alikwambia hivyo ili gari iondoke."

"Mbele yangu kasema! N'meghafilika, kasema!"

"Nimetoka kwake sasa hivi."

Alitazama chungwa lake. Aliuliza, si kwa hasira, "Sauti ilikuwa ya mwanamke?"

"Ilikuwa yangu."

"Mie masikio yangu," alisema, "miaka kumi na mmoja..." Mzee mmoja aliyeketi kwenye gunia alisema, "Basi, kijana, yamekwisha hayo," na mtu mwingine akamgusa mzee anyamaze. Nassor alilitupa chungwa, akapanda kwenye usukani, akawasha. Watu walirukia kwa haraka, mimi nikapandishwa na Jecha kwa mkono. Badala ya kushika njia ya kaskazini, gari iligeuka kuelekea Tibirinzi.

"Nassor, unakwenda wapi na watu?" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Mie nimeacha mtoto!"

Nassor akaendelea kuendesha. Alisimamisha gari katikati ya njia, mbele ya nyumba, akashuka bila kuzima injini, akarudi akaizima. Mlangoni alivua viatu. Mgeni alimwona, akashika kiuno.

"Umepotea njia, Nassor?"

"Yupo?"

"Miezi minane yupo."

Nilisimama nje, karibu na kizingiti, nisijue mikono niiweke wapi. Kutoka pale niliweza kuwaona. Nassor alichuchumaa kwenye ukingo wa mkeka. Jaribu aliendelea na kamba yake kidogo, kisha akaiweka. Hawakupeana mkono.

"Ulijua si weye," Nassor alisema.

"Nilijua."

"Nilikutukana ukiwa matopeni."

"Hata ukiwa juu ya lami unanitukana."

Nassor aliinamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili. Mgeni alipita kati yao, akaweka sinia ya ule muhogo wangu wa kuchemsha na vikombe viwili vya kahawa, akamwambia Nassor asogee akae vizuri, mkeka hauumi. Akasogea.

Nje mvua za mwisho za vuli zilianza kudondoka juu ya turubali. Abiria walipiga honi. Mtu akaita, "Dereva! Tutalala hapa?"

"Waambie wangoje," Jaribu alisema.

Nikaenda nikawaambia.